Sherehe ya Watoto ya Kupaka Rangi: Dalili za Mambo Kuharibika na Visababishi Vyake

Sherehe ya kupaka rangi ikianza kwenda mrama, wa kwanza kulaumiwa huwa ni mtoto: amemwaga maji, amechafua rangi, hasikii anachoambiwa. Mwongozo huu una msimamo tofauti. Katika visa vingi kosa limo kwenye maji, karatasi, hewa au mpangilio wa saa, vitu ambavyo mtu mzima ndiye aliyevichagua, na vikichunguzwa kwa utaratibu tatizo hupatikana na kurekebishwa sherehe ikiwa bado inaendelea. Umekusudiwa wazazi, walimu wa chekechea na wa madrasa, na yeyote anayewaalika watoto nyumbani hapa Uganda wakati wa likizo za Mei, za Agosti na Septemba, au zile ndefu za Desemba na Januari. Kila sehemu inaanza na dalili inayoonekana kwa macho, kisha inafuata visababishi kuanzia kile kinachotokea mara nyingi zaidi.

Rangi zote zimegeuka tope

Hakuna lalamiko linalosikika zaidi ya hili, na lina visababishi vitatu au vinne ambavyo havitibiwi kwa dawa moja. Kabla ya kugusa chochote, chukua mchoro mmoja utoke nao juani. Sherehe nyingi hufanyika chini ya turubai au hema la kukodi, na turubai la bluu huchuja mwanga, kiasi kwamba nyekundu huonekana nyeusi na rangi ya machungwa huonekana kahawia. Ikiwa mchoro unachangamka mara tu unapofika nje, hakuna kilichoharibika; sogeza meza hadi pembezoni, mahali ambapo mwanga wa anga unaingia kwa ubavuni, na safari nyingine uombe hema jeupe.

Ikiwa tope limebaki tope hata juani, tazama maji. “Shangazi, jua langu limekuwa kijani,” mtoto wa miaka mitano atasema, na ukiinamia kopo lake utakuta maji ya bluu iliyokolea: brashi ilitoka kwenye anga, ikachovywa humo, kisha ikaenda moja kwa moja kwenye kibakuli cha njano. Njano hushindwa na karibu kila rangi inayoigusa, kwa hiyo ndiyo inayotangulia kutoa ushahidi. Chovya brashi safi ndani ya kopo unalolishuku na uipitishe kwenye karatasi nyeupe. Ikiacha mchirizi wenye rangi, maji hayo yamekwisha kazi na yanapaswa kumwagwa.

Kubadilisha maji peke yake, hata hivyo, hakutoshi, kwa sababu brashi iliyosuuzwa vizuri bado hubeba maji ndani ya nywele zake na maji hayo hubeba mabaki ya rangi. Kila watoto wawili wapewe makopo mawili, moja la kuoshea na jingine la kusuuzia, pamoja na kipande cha kitambaa cha pamba cha kukaushia brashi kabla haijaingia kwenye rangi nyingine. Kwa maoni yangu kitambaa hicho kina thamani kuliko kopo la pili, na ndicho kinachosahaulika mara zote. Makopo yawe mapana, yenye kitako kizito, na yasijazwe kupita robo, ili likianguka moja lisizamishe meza nzima. Kwa watoto walio chini ya miaka sita ni afadhali kuachana kabisa na uoshaji: kila rangi iwe na brashi yake inayokaa humo humo, na mtoto abadilishe kibakuli na brashi kwa pamoja. Mtoto wa umri huo huelewa haraka kwamba brashi ya njano ina nyumba yake.

Kisababishi kingine ni wingi wa rangi. Nyekundu, njano na bluu zikikutana zote tatu kwa viwango vinavyokaribiana huzaa kahawia, na mtoto aliyewekewa rangi nane mbele yake atazikutanisha bila shaka, kwa kuwa kuchanganya ndiyo furaha yenyewe. Anza na njano, nyekundu na nyeupe tu, kwani jozi yoyote utakayoichanganya hapo hutoa rangi safi, na watoto wapate nafasi ya kugundua machungwa na waridi kwa mikono yao. Bluu iingie baadaye, baada ya makopo kumwagwa na nyekundu kuondolewa mezani. Wakikulilia kwamba zambarau yao inakuwa kahawia ilhali maji ni safi, chanzo ni nyekundu yenyewe: nyekundu inayoelekea kwenye machungwa tayari ina njano ndani yake. Zambarau inahitaji nyekundu inayoelekea kwenye waridi.

Mwisho, angalia kama watoto wanapaka juu ya rangi mbichi. Rangi ya juu huikoroga ya chini na zote mbili hupotea. Mpe mtoto karatasi ya pili afanye kazi kwenye hiyo huku ya kwanza ikikauka; kumwambia angoje akiwa mikono mitupu ni kumtesa bure.

Karatasi inajikunja, inachanika au inakataa rangi

Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, na haikutengenezwa kubeba maji. Nyuzi zake zikinywa maji huvimba, sehemu iliyolowa hutanuka na iliyobaki kavu haitanuki, ndipo mawimbi yanapojitokeza na rangi kutuama kwenye mabonde yake. Manila nzito ya gramu 200 au zaidi huvumilia, na ile maalumu ya rangi za vidonge kwa kawaida hufikia gramu 300, ingawa sioni sababu ya kununua ya gharama hiyo kwa ajili ya watoto wa chekechea. Kampala, barabara ya Nasser imejaa wapiga chapa, na mashine zao za kukatia hubakiza vipande vya karatasi nzito vinavyotosha kabisa mchoro wa mtoto. Ni vyema kuwauliza kabla ya kwenda duka la vifaa vya ofisi.

Ikiwa sherehe imeshaanza na karatasi nyepesi ndiyo iliyopo, ondoa rangi za vidonge zinazohitaji maji mengi, uweke rangi ya chupa isiyozimuliwa, yenye uzito kama wa uji wa mtoto. Bandika pande zote nne za karatasi mezani kwa utepe wa karatasi. Mchoro uliokwisha kujikunja huweza kunyooshwa kesho yake: lowesha mgongo wake kidogo kwa sponji, uuweke kati ya karatasi safi na uulaze chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Vichembe vinavyojiviringisha juu ya karatasi na kufanana na ukoko wa kifutio ni dalili ya kusuguliwa. Mtoto anapitisha brashi mahali pale pale ilhali nyuzi zimelainika, na hapo hakuna la kurekebisha ila kuacha pakauke. Dalili iliyo kinyume chake ni rangi kujikusanya matone matone na kuteleza, na maana yake ni kwamba umenunua karatasi iliyopakwa tabaka la kung’aa. Dondosha tone moja la maji dukani, pembeni mwa karatasi. Likikaa juu bila kunywewa, irudishe kabatini.

Baadhi ya wenyeji wa Buganda hupenda kuwapa watoto vipande vya lubugo, kitambaa kinachopondwa kutokana na gome la mti wa mutuba, ufundi ambao UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu na kuuingiza mwaka 2008 kwenye orodha yake ya urithi usioshikika. Wazo hilo ni zuri, lakini watoto watalalamika kwamba rangi “inamezwa”, na watakuwa wakweli, kwa sababu lubugo hunywa maji upesi na wekundu wake wa udongo huzima rangi zote nyepesi. Paka kwanza nyeupe nzito mahali mchoro utakapokaa, uiache ikauke, ndipo mtoto aanze. Jambo jingine ni la heshima: lubugo hutumika pia katika mazishi na katika shughuli za kifalme, kwa hiyo ziulize familia zinazoleta watoto kabla hujaligeuza kuwa karatasi ya kuchezea.

Rangi haikauki, au inakauka kabla ya kutumika

Dalili hizi mbili zina chanzo kimoja, yaani hewa, na jibu hutegemea mahali ulipo na mwezi wenyewe. Kusini mwa nchi, mvua kubwa hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi mwishoni mwa Novemba, na katika miezi hiyo hewa ya Kampala, Entebbe na Jinja huwa imekwisha kubeba unyevu mwingi, hivyo maji yaliyo kwenye rangi hukosa pa kwenda. Tabaka jembamba litakauka, nene litabaki bichi hadi wageni waondoke. Usipambane na hewa, punguza rangi. Gawa kijiko kimoja kimoja, uondoe brashi nene zinazobeba nyingi, na umalize upakaji angalau saa moja kabla ya chakula ili michoro ipate muda wa kupumzika. Usiitundike kambani ikiwa mibichi, kwa sababu rangi itachuruzika na kuharibu nyuso zote. Ilaze kwanza hadi ipoteze mng’ao wa maji, ndipo uitumie kamba na vibanio.

Arua, Gulu au Moroto mwezi wa Januari mambo hugeuka. Hewa ni kavu, upepo una vumbi, na akriliki, yaani rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, ikimiminwa kwenye sahani hufunga ngozi juu kabla mtoto hajachora paa la nyumba. Ngozi hiyo hairudi kuwa rangi hata ukiongeza maji, tofauti na rangi ya chupa ya shule ambayo hulainika tena. Mimina kidogo kidogo, ufunike vibakuli kwa kitambaa kibichi wakati wa mapumziko, na uweke meza upande wa nyumba usiokabili upepo.

Rangi ya kupika kwa wanga ina tabia zake. Kikombe kimoja cha wanga wa mahindi au wa muhogo kikikorogwa katika maji baridi na kuongezwa maji hadi vikombe vinne, kisha kupikwa moto mdogo mpaka kiwe kizito na kung’aa, hutoa rangi laini inayowafaa sana wadogo wanaotumia vidole. Lakini hukauka polepole kuliko zote, na katika joto letu huchacha. Harufu ya uchachu au madoa ya kijivu juu yake yanaonyesha kwamba imekaa muda mrefu mno: itupe, usiipike upya. Ipike jioni ya kuamkia sherehe, utie kijiko cha chumvi, na uihifadhi mahali pa baridi.

Wanaoishi kando ya ziwa wanalijua tatizo jingine, vijidudu vya ziwani vinavyoibuka kwa mawingu makubwa, hasa karibu na siku za mwezi mwandamo, na kutua juu ya kila kilicho kibichi. Mtu akijaribu kuvifuta hapo hapo atapaka mchoro mzima majivu ya mabawa yao. Subiri rangi ikauke kabisa, kisha uvipanguse kwa brashi kavu. Vingi vitaanguka bila kuacha alama. Na kabla ya kuweka meza chini ya mti wenye kivuli kizuri mjini Kampala, inua macho: ikiwa juu wamekaa wale korongo wakubwa wanaoitwa kalooli, tafuta kivuli kingine.

Rangi inapukutika baada ya kukauka

Pitisha kidole juu ya mchoro mkavu. Kidole kikitoka na vumbi la rangi, tatizo ni uhaba wa kishikizo: rangi ya unga iliyochanganywa na maji matupu haina cha kuinatisha kwenye karatasi. Kijiko kimoja cha gundi nyeupe ya shule katika kikombe cha rangi iliyochanganywa humaliza jambo hilo. Kidole kikitoka safi lakini rangi ina nyufa, ilipakwa nene mno.

Rangi inanuka mafuta au haitoki mikononi kwa maji

Hapa usitafute suluhisho. Simamisha kazi, uondoe makopo na uwaoshe watoto mikono kwa sabuni. Harufu hiyo inaonyesha kwamba mtu ameleta rangi ya mafuta ya milango na madirisha, pengine kwa kuwa lilikuwapo kopo lililobaki nyumbani na rangi yake inavutia. Mbali na vimumunyishaji, yaani kemikali za kuyeyushia rangi, vinavyoumiza kichwa, rangi za namna hiyo, hasa njano, nyekundu na kijani zenye kung’aa, zinaweza kuwa na madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani na Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 kwa milioni, na kopo lisilo na lebo halikuambii liko upande gani wa kiwango hicho. Madhara yenyewe hayaonekani siku ya sherehe, na hiyo ndiyo sababu ninalisisitiza jambo hili kuliko mengine yote yaliyomo humu. Kwa sababu hiyo hiyo usiwape watoto michoro ya ukutani ya zamani waikwangue na kuipaka upya.

Mtoto akiwashwa usoni baada ya kupakwa madoa ya chui au sharubu za paka, uliza ni rangi gani iliyotumika. Akriliki na rangi za karatasi hazikutengenezwa kwa ajili ya ngozi hata zikiandikwa kwamba hazina sumu. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini bila kusugua, na kama hakuna rangi maalumu ya uso, shughuli hiyo iachwe.

Watoto wamechoka, wanagombana au wanasema “siwezi”

Tazama kwanza saa. Kadi ikisema saa nane, wageni wetu hufika kati ya saa nane na saa tisa na nusu, na mwenyeji anayewangojea wote huwa amewachosha waliowahi, wakati anayeanza mapema huwaacha waliochelewa wakilia. Tandaza ukumbini karatasi moja ndefu ambayo kila anayeingia anaipaka bila maelekezo, hata kwa alama ya kiganja tu. Kazi yenye mwalimu ianze watakapotimia. Tazama kisha umri. Mtoto wa miaka minne aliyemaliza kwa dakika kumi amemaliza kweli, na kumlazimisha aongeze ndiko kunakoharibu mchoro na tabia yake kwa pamoja. Wa miaka kumi anaweza kukaa saa nzima na huchukia kuguswa kiwiko na wadogo, kwa hiyo meza mbili ni lazima, na mtu mzima mmoja kwa kila wadogo wanne au watano. Keki ikiwa inaonekana kutoka mezani, hakuna mpangilio utakaoifaa sherehe hiyo.

Ugomvi ukizuka, hesabu brashi kabla ya kuuliza nani ameanza. Mara nyingi utakuta brashi nyembamba ni moja na wanaoitaka ni wanne.

Kauli ya “siwezi” inastahili uangalifu zaidi, maana mara nyingi imeletwa na kielelezo. Mwenyeji ametundika mchoro uliokamilika, korongo taji aliyechorwa na mtu mzima, na kila mtoto anajipima naye na kushindwa. Ondoa kielelezo. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa barazani kwa nyumba yake Kampala mwaka 1937 na ambaye shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Makerere ina jina lake, aliwataka wanafunzi wachore yanayotoka kwenye maisha yao badala ya kunakili picha za Ulaya, na ushauri huo unafaa hata kwa meza ya watoto wanane. Waulize nani amewahi kuona boda boda imebeba ndizi, anayebeba amekaaje, ndizi zimening’inia upande gani. Kabla hujamaliza kuuliza, brashi zitakuwa zimeshaingia kwenye kijani.

Ikiwa baadhi wanazubaa huku wengine wakiendelea, huenda lugha ndiyo iliyowaacha. Katika nyumba ya Waswahili mjini Kampala au Bombo meza moja inaweza kuwa na watoto wa Kiswahili, Kiganda, Kinubi na Kiingereza, na maelekezo marefu huwafikia nusu yao. Onyesha kwa mkono, hatua moja moja, kimya kimya. Hata wanaoelewa Kiswahili watafuata vizuri zaidi.

Rangi imeingia kwenye nguo

Usikimbilie maji ya moto. Uliza kwanza ni rangi gani. Rangi ya chupa ya shule hutoka kwa maji baridi na sabuni ya vipande, ikiwezekana siku hiyo hiyo. Akriliki ikiwa mbichi hutoka vivyo hivyo, lakini ikikauka hugeuka utando wa plastiki; hapo spiriti ya kusafishia vidonda hulainisha doa kiasi, ikijaribiwa kwanza kwenye upindo wa ndani. Rangi ya chakula iliyotiwa kwenye wanga ndiyo inayodanganya wengi: haina madhara mdomoni, lakini hutia madoa kwenye vidole na pamba kuliko rangi halisi, kwa hiyo isitumike siku ambayo watoto wamevaa nguo za sikukuu. Kinga iliyo rahisi kuliko zote ni mashati makuukuu ya watu wazima kutoka soko la Owino, yakivaliwa kinyumenyume na mikono yake kukunjwa.

Weka jerikeni mbili za maji kabla ya wageni kufika hata kama bomba linatoka, kwani siku mnapohitaji maji ndiyo siku yanapokatika, na maji machafu ya akriliki yamwagwe kwenye ndoo hadi yatuame badala ya kuingia kwenye sinki.

Michoro imegandana wakati wa kuondoka

Akriliki hubaki na unato kwa muda hata inapoonekana kavu, na michoro miwili iliyobanwa uso kwa uso kwenye mfuko hushikana na kuchubuana. Usiweke gazeti katikati, kwa sababu nalo hunasa. Tumia karatasi ya kuokea au plastiki laini. Iliyokwisha kushikana isivutwe kwa nguvu: iache mahali pa baridi, kisha uitenganishe polepole kuanzia pembeni. Kwa mtoto anayerudi nyumbani kwa boda boda, mchoro uviringishwe uso ukiwa nje, kwani ukiwa ndani rangi hubanwa na kupasuka, na ufungwe kwa kitambaa kilegevu badala ya mpira.